Rangi ya bluu ya barafu na keki, soma namba kwanza

Jamani wenzangu wa Dodoma mnaotengeneza barafu na keki za bethdei, ile rangi ya bluu ya unga inayouzwa kwenye vifuko visivyo na lebo achaneni nayo kabisa, nyingine ni ya kutia mikeka na vitambaa na kwa macho huwezi kuitofautisha. Chukua chupa yenye lebo, geuza nyuma utafute E133 au E132, hizo ni namba za rangi za bluu za chakula. E133 ndo inatumika sana, Ulaya kikomo chake ni miligramu 6 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, yaani mtoto wa kilo 15 ni miligramu 90, na sehemu kubwa haiingii hata kwenye damu inapita tu tumboni inatoka, ndo maana mtoto akila keki ya bluu nyingi kesho yake choo kinaweza kuwa kijani, mama usishtuke. E131, bluu nyingine, Ulaya wanairuhusu ila Marekani hapana kwenye chakula. Na msimimine sana, weka matone machache kwenye krimu uache ikae kama saa moja hivi, yenyewe inakolea.