Herufi za pikseli: namna ya kuziweka zisitoke na ukungu (somo)

Herufi za pikseli ni zile zilizochorwa kwa vijimraba, kama za michezo ya zamani ya video; pikseli ni nukta moja ya skrini. Swali ni lilelile kila mara: «Yaya, mbona herufi zangu zina ukungu?» Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hili.

1. Shusha fonti (aina ya herufi) Press Start 2P au VT323 kwenye tovuti ya Google Fonts. Ni za bure, hata kwa kazi ya kulipwa.

2. Zisakinishe, ufunge programu na kuifungua tena.

3. Ukubwa. Hapa ndipo afishi nyingi za Goma zinaharibikia. Press Start 2P imechorwa ndani ya vyumba (vijimraba) 8 kwa 8, ikifuata herufi za mashine za michezo za kampuni ya Namco za miaka ya 1980. Basi ukubwa ni 8, 16, 24, 32, na kuendelea hivyo. Ukiweka 20, kila chumba kinadai pikseli mbili na nusu. Skrini haina nusu, kwa hiyo kompyuta inapaka kijivu pembeni. Ukungu wenyewe ndio huo. VT323 yenyewe inaenda kwa 16: 16, 32, 48.
Onyo: pima kwa pikseli, si kwa pointi (kipimo cha wachapaji). Kwenye faili la dpi 300, yaani pikseli 300 kwa inchi, pointi 16 ni pikseli 66 na ushei.
Onyo lingine: usivute kisanduku cha maandishi kwa pembe. Na kwenye GIMP (programu ya picha), ondoa alama penye «Lissage» (kulainisha kingo).

4. Ukikuza picha, kuza mara 2, 3 au 4 kamili, «interpolation» (namna kompyuta inavyojaza pikseli mpya) ikiwa «Aucune», yaani hakuna.

5. Hifadhi kwa PNG. JPEG inaacha uchafu kandokando ya herufi.

Tena, ni za kichwa tu. Aya nzima ya Press Start 2P ni adhabu kwa msomaji.

Maswali

— Yangu bado ina ukungu.
— Umeweka ngapi?
— 30.
— Hatua ya 3.
— Lakini 30 ndiyo inajaa vizuri.
— Weka 32, upunguze neno moja.

— Yaya, kwa nini 8 na si 10?
— Swali zuri, dada. Pikseli ikiwa nyeusi au nyeupe tu, inakula biti moja (0 au 1) ya kumbukumbu. Mstari wa pikseli 8 ni biti 8, yaani baiti moja, herufi nzima baiti 8. Herufi 96 zinaingia katika baiti 768, na kumbukumbu wakati ule ilikuwa ghali.

— Ndiyo maana É inabanwa?
— Ndiyo. Herufi kubwa inakula vyumba 7 kwenda juu, alama ya juu ya É inabaki na kimoja. Kwa afishi ya Kifaransa chukua VT323, ni ndefu zaidi.

— Na bango la mita tatu, nalo ni 8, 16, 24?
— Hapana. Fonti yenyewe ni vekta, yaani mistari inayokuzwa bila kuharibika. Geuza maandishi kuwa kontua (mistari ya kingo za herufi), mpe mchapaji PDF, ukubwa wowote unaotaka.

— Nilimtumia mchapaji kazi yangu kwa WhatsApp, ikaharibika.
— Ulituma kama picha. Tuma kama dokumenti.
— Aksanti, yaya.