Mweupe dhidi ya Sisilia: fungueni mstari wa h

Kwa ndugu zangu mnaocheza sataranji barazani hapa Lamu baada ya alasiri: mweusi akiijibu e4 kwa c5 (ndio ulinzi uitwao Sisilia; herufi ni mstari wa wima, namba ni wa mlalo), kisha akamweka tembo wake, yule aendaye mshazari, g7 nyuma ya askari wa g6, msikimbilie kula askari. Tembo huyo ndiye mlinzi wa mfalme wake. Mwondoeni kwanza.

Wekeni tembo e3, askari f3, malkia d2, kisha mfalme ahifadhiwe upande wa malkia (asogee nyumba mbili kuelekea ngome, nayo ngome iruke ikae ubavuni mwake). Hiyo f3 wengi huidharau, lakini ina kazi kubwa: inaishikilia e4 na kumnyima farasi mweusi nafasi ya g4, ambako angemsumbua tembo wenu. Baada ya hapo askari wa h aende mbio, h4 halafu h5, na tembo aingie h6 abadilishane na yule wa g7.

Utazameni mchezo wa Bobby Fischer wa Marekani (mweupe) dhidi ya Bent Larsen wa Denmark, mjini Portorož, Yugoslavia ya wakati huo, 1958. Fischer alikuwa na miaka 15! Mstari wa h ulipofunguka, hatua ya 22 alitoa ngome yake ili amle farasi pale h5, ulinzi wa mfalme ukabomoka, na Larsen akasalimu amri baada ya hatua ya 31. Mchezo mzuri mno, upangeni ubaoni pole pole.

Msichelewe tu, maana mweusi naye hushuka kwa mstari wa c. Ndiyo maana Fischer mwenyewe alimsogeza mfalme b1, nje ya mstari huo, kabla ya kucheza h4.