Maneno magumu ya IELTS (ule mtihani wa Kiingereza), usiyameze kama dawa

Jamani msikariri listi ya maneno 500, mtayasahau mlangoni kwa msimamizi. Mi nachukua neno moja, tuseme "heavy", naandika linatembea na nani, heavy rain, heavy traffic, ila upepo ni strong wind, hapo ndo wengi tunachapia maana tunatafsiri Kiswahili kichwani. Litungie sentensi ya maisha yako, lirudie kesho, keshokutwa, wiki ijayo. Nahau peleka kwenye sehemu ya kuongea ya mtihani, zile dakika 11 hadi 14, moja mbili zinatosha, na "raining cats and dogs" achana nayo imechoka hiyo. Kwenye insha ya maneno 250 andika tu "rarely", sio "once in a blue moon".