Kuandika maelezo ya sanduku la kale la mnada

Mnunuzi wa Mwanza anaweza kulikagua sanduku kwa mikono. Wa mbali ana maneno yako tu. Anza na urefu, upana na kimo kwa sentimita, miguu ikiwemo. Aina ya mbao itazame chini au ndani ya droo, ambako vanishi haikufika. Kama huna hakika ni mninga au mvule, andika "mbao ngumu".

Bawaba ndizo husema mengi. Skrubu za kichwa cha nyota zilianza miaka ya 1930, hivyo ukizikuta kwenye sanduku linalodaiwa ni la karne ya 19, andika "bawaba zimebadilishwa" au "skrubu si za awali". Sumaku ikinasa kwenye pambo la "shaba", ndani ni chuma, na kwa unyevu wa ziwani kutu huanzia pembezoni.

Ligonge juu ya karatasi nyeupe. Unga mpya ukidondoka, huenda bungua bado wamo. Taja, tena upige picha ya matundu.

"Inasemekana limetoka Zanzibar" na "limetoka Zanzibar" ni kauli mbili tofauti; ya pili inahitaji risiti au barua. Likiwa na pembe ya ndovu, usilitangaze kabla ya kuwaona maofisa wa wanyamapori.