Neno "bias": kabla hujaandika "upendeleo"

Natafsiri kwa riziki, na miaka ya mwanzo kila nilipokutana na neno la Kiingereza "bias" niliandika "upendeleo" nikasonga mbele. Mpaka nikarudishiwa mwongozo wa wahudumu wa afya, pembeni mtu kaandika kwa kalamu nyekundu: "Mizani inampendelea nani?" Mizani yenyewe ilikuwa ikimzidishia kila mtoto nusu kilo. Nilinywea.

Tangu siku hiyo naanza na swali lake: kuna anayependelewa?

Akiwepo, kazi ni nyepesi. Mama anayempa kitindamimba paja la kuku kila Jumapili ana upendeleo (Kenya utasikia zaidi "mapendeleo"). Mwenye nyumba anayekataa wapangaji wa kabila fulani, huo ni ubaguzi, usiupunguze makali kwa kuuita upendeleo. Na kama unaandika habari za mpira, achana na nomino kabisa: refa "anawabeba". Msomaji wa Dar hahitaji maelezo zaidi.

Asipokuwepo, ndipo watu wanapoteleza. Mizani haina moyo, na takwimu nazo hazina. Hapo tumia kitenzi: "mizani inazidisha", "sampuli imeegemea upande mmoja". Ukilazimika kuwa na nomino, "mwegemeo" unatosha. Mfano ninaoupenda ni wa uchaguzi wa rais wa Marekani, 1936. Jarida la Literary Digest lilikusanya majibu ya watu zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba mgombea Landon atamshinda Rais Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Hakuna aliyepanga kumbeba Landon. Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na wakati ule wa hali ngumu maskini wengi hawakuwa na simu wala gari. Halafu waliojibu ni wale waliokuwa na hamu ya kujibu. Ukiandika "upendeleo wa sampuli" hapo, msomaji ataanza kumtafuta mla rushwa ambaye hayupo. Andika "sampuli iliyoegemea kwa wenye nacho", ataelewa mara moja.

Ukikutana nalo kwenye ushonaji, jua kwamba hapo liko karibu na maana yake ya mwanzo: neno lilitoka Kifaransa, likimaanisha mshazari. Kitambaa hukatwa kimshazari, nyuzi 45 kutoka kwenye nyuzi za kitambaa (ndiyo, Kiswahili kimetuchezea hapo), ndiyo maana sketi inavutika na kulalia mwili vizuri. Usimwandikie fundi cherehani habari za upendeleo, atakucheka.

Imebaki ya vijana. Binti yangu alipotangaza chakulani kwamba amepata "bias" mpya, nilijiandaa kwa mjadala mzito. Kumbe ni kijana mmoja wa kundi la muziki la Korea Kusini. Hapo andika "kipenzi". Picha yake iko mlangoni kwetu, juu ya kalenda.