Fungia mazoezi kwenye sufuria ya chai

Tangu nivuke 45, mpango wa kuamka saa kumi na moja alfajiri nikakimbie hapa Kampala umenishinda mara tatu. Kilichodumu ni hiki: nikishabandika chai ya maziwa kwenye sigiri (jiko la makaa), navuta kiti kigumu (sofa haifai), nakunja mikono kifuani, nakaa na kusimama mara 10 bila kushika popote. Kushuka iwe polepole, hesabu hadi tatu. Hapo ndipo mapaja yanapowaka. Napumzika kidogo, narudia 10, na mara nyingi maziwa bado hayajachemka. Siri ni kwamba hutafuti muda mpya. Chai utapika tu, hata siku mtoto ana homa na mama mkwe yuko sebuleni. Halafu hedhi inapoelekea kukoma, misuli na mifupa hupungua kwa kasi zaidi, na mapaja ndiyo yanayokuinua mkekani, kwenye choo cha shimo, na kukushusha kwenye boda bila kuyumba. Mazoezi hukwama ukiyafungia kwenye jambo lisilo la kila siku: mimi nilianza na kumenya matoke, siku ya wali nikasahau, wiki ikapita hivyohivyo. Goti likiuma, ongeza mto kitini usishuke sana. Likiendelea, acha na ukaonwe na daktari. Birika la umeme nalo halifai, huchemka upesi mno kabla hujamaliza. Na ukae ukiigeukia sigiri, maana mimi maziwa yameshamwagikia makaa mara mbili.