Kuanza na wakili ukiwa na biashara ndogo Malindi

Mwongozo huu ni wa mwenye duka, mkahawa, boti ya kutembeza wageni au nyumba ya kulaza watalii ambaye hajawahi kuingia ofisi ya wakili, na sasa ana karatasi mkononi inayomnyima usingizi. Hapa Malindi karatasi hiyo mara nyingi hutoka kwa mwenye nyumba, ndiyo maana mifano mingi ni ya duka la kupanga.

Hatua ya 1: Jua kama unamhitaji

Jina la biashara unasajili mwenyewe kwenye eCitizen ukiwa na kitambulisho na PIN ya KRA. Leseni ya Kaunti ya Kilifi pia haitaki wakili. Deni lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kupelekwa mahakama ya madai madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Kule unaruhusiwa kujisimamia, na shauri linatakiwa liishe ndani ya siku 60. Kumlipa wakili 50,000 ili adai 70,000 ni kujiongezea hasara.

Mtafute wakili unaponunua kiwanja, unapoingia ubia, unaposhtakiwa na mfanyakazi, au unapotia saini mkataba wa kukodi wa miaka mingi. Kiwanja hasa, kwa sababu huku pwani nyumba inaweza kuwa na mwenyewe na ardhi iliyo chini yake ikawa na mwenyewe mwingine. Ukiuziwa nyumba, uliza ardhi ni ya nani kabla hujatoa hata shilingi.

Notisi ya mwenye nyumba haingoji. Kama huna mkataba wa maandishi, au unao lakini ni wa miaka isiyozidi 5, basi kwa kawaida unalindwa na Sura 301 ya sheria za Kenya, yaani sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Hawezi kukutoa wala kukupandishia kodi bila notisi kwenye fomu iliyowekwa na sheria, na muda wake usipungue miezi miwili. Wewe nawe una mwezi mmoja wa kujibu kwa maandishi kama unakubali au unakataa. Ukikataa, lazima upeleke shauri kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye notisi. Tarehe ikipita bila shauri, notisi inashika, hata kama ungekuwa na hoja nzuri namna gani. Kwa hiyo siku unayoipokea, andika tarehe juu yake kwa kalamu na uende kwa wakili wiki hiyohiyo.

Hatua ya 2: Panga karatasi

Nakala za kitambulisho, PIN, cheti cha biashara, mkataba, na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha kodi uliyolipa. Kisha ukurasa mmoja wenye tarehe na yaliyotokea, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Sauti za WhatsApp si maelezo. Hakuna wakili atakayekaa kuzisikiliza zote. Hati za asili zibaki nyumbani mpaka ziombwe, na zikiombwa uandikiwe karatasi ya kuzipokea.

Hatua ya 3: Hakikisha ni wakili kweli

Tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya (LSK) ina sehemu ya kutafuta jina. Cheti cha kufanya kazi ni cha mwaka mmoja na huisha tarehe 31 Desemba, hivyo wakili wa mwaka jana si lazima awe wakili wa mwaka huu. Jina lisipoonyesha kuwa lina cheti cha mwaka huu, omba uone cheti. Karani mwenye muhuri na suti si wakili, hata kama watu wote wa mahakamani wanamwita hivyo.

Kwa kesi, chukua wakili mwenye ofisi hapahapa. Malindi ina mahakama za mahakimu, Mahakama Kuu, ya mazingira na ardhi, ya kazi, na hata Mahakama ya Rufaa huketi hapa. Wakili wa Mombasa atakutoza safari kila kesi inapoahirishwa, na kesi huahirishwa.

Hatua ya 4: Uliza anamtumikia nani

Mji ni mdogo. Kabla hujaeleza siri yoyote, taja jina la mtu wa upande wa pili na uulize kama ni mteja wake. Mtego mkubwa uko kwenye mkataba wa kukodi: desturi ni mpangaji kulipa ada ya wakili wa mwenye nyumba, na wapangaji wengi hudhani kwa kuwa wamelipa, wakili huyo ni wao. Si wao. Ameandika kwa faida ya aliyemtuma. Lipa kama mlivyokubaliana, lakini mpe wakili wako asome kabla hujatia saini; kazi hiyo ni ya saa chache.

Mwambie aangalie kwanza muda. Mkataba wa miaka 5 na miezi 3 hauandikwi hivyo kwa bahati mbaya: umevuka ile miaka 5 ili usilindwe na Sura 301.

Hatua ya 5: Ada

Hapa ndipo uhusiano na wakili unapovunjika, kwa hiyo usione haya kukaa hapa.

Ada za mawakili zina kiwango cha chini kilichowekwa kisheria. Wakili akikuambia hawezi kushuka chini ya kiasi fulani, huenda anasema kweli. Unachoweza kupunguza ni kazi yenyewe. Badala ya kusema "nisaidie na hii kesi", sema "nataka usome mkataba huu, uniandikie mambo ya kubadilisha, basi".

Makubaliano ya ada yawe ya maandishi, na saini yako iwepo. Ndani yake yaonekane haya: kazi ni ipi na inaishia wapi (barua ya madai peke yake, au mpaka hukumu?), ada ni kiasi gani, na kama kodi ya VAT ya asilimia 16 imo ndani au itaongezwa.

Kisha gharama, ambazo si ada. Gharama ni ushuru, malipo ya mahakama, upekuzi wa hati, usafiri. Chukua duka la kodi ya 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 360,000. Mkataba ukizidi miaka 3, ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya kodi ya mwaka, yaani 7,200. Usipozidi miaka 3 ni asilimia 1, yaani 3,600. Pesa hiyo inakwenda serikalini. Ukiambiwa "elfu arubaini kwa kila kitu", uliza kama ushuru umo, kwa sababu ugomvi mwingi huanzia kwenye maneno hayo "kila kitu".

Usikubali mpango wa "tukishinda tugawane". Sheria ya mawakili haiutambui, na ukigeuka baadaye utakosa pa kushika.

Mkitofautiana juu ya hesabu, unaweza kuomba msajili wa mahakama akadirie ada hiyo. Lakini kama ulishatia saini makubaliano halali, hayo ndiyo yatakayotazamwa, kwa hiyo yasome.

Hatua ya 6: Kulipa

Lipa kwa benki au Paybill ya ofisi, si kwa simu ya karani. Pesa za kununulia kiwanja ziingie akaunti ya wateja, ambayo kila wakili anayeshika pesa za watu anatakiwa kuwa nayo kando na akaunti ya ofisi. Chukua risiti kila mara.

Hatua ya 7: Kufuatilia

Omba namba ya kesi na tarehe ya kutajwa, yaani siku kesi itakapoitwa tena mahakamani, uandike mwenyewe. Wakili akinyamaza, mwandikie baruapepe. Akizidi kunyamaza, ipo Kamisheni ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na kulalamika hakulipiwi. Ukitaka kumbadilisha, maliza deni lake kwanza, maana ana haki ya kushikilia faili mpaka alipwe.